Mvua haina hatia

Mvua za masika haziji kwa kuvizia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa msimu kabla haujaanza, hufanya hivyo tena kabla ya vuli, na hata asiyesikiliza redio huyaona mawingu yakijikusanya juu ya bahari. Pamoja na hayo, kila pikipiki inapoanguka kwenye lami iliyolowa na dereva au abiria wake akapoteza maisha, maelezo huwa yale yale: palikuwa na utelezi. Waliokuwapo hutikisa vichwa, mwili huondolewa, foleni husogea, na kosa hubaki mawinguni.

Gazeti hili linayakataa maelezo hayo. Lami yenye maji ni hali inayojulikana na inayopimika, na ina kanuni zake. Katika jiji la Dar es Salaam kanuni hizo huvunjwa kila mvua inyeshapo, na wanaozivunja tunawafahamu: dereva wa bodaboda anayekimbia, mwenye gari anayemwona mtu wa pikipiki kama kero tu, tajiri anayedai hesabu kamili siku ya mafuriko, na mamlaka zinazoacha mashimo yageuke madimbwi. Hatia hiyo ni ya wote, ingawa mafungu yao hayalingani.

Tuanze na mwendo, kwa sababu ndio unaoua. Kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki hukata takriban mita 14 kila sekunde. Daladala iliyo mbele ikisimama ghafla kupakia abiria, dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja kuona, kuelewa na kushika breki. Mita 14 zimeshapotea na breki bado haijaanza kazi. Kwenye lami kavu, pikipiki yenye tairi nzuri itahitaji mita nyingine 14 hivi mpaka isimame. Kwenye lami iliyolowa, ambako mshiko wa tairi waweza kupungua karibu nusu, itahitaji kama 25. Jumla ni mita 39 hivi, zaidi ya urefu wa mabasi matatu makubwa yaliyopangwa mstari mmoja. Simama kwenye Barabara ya Morogoro jioni ya mvua utazame ni dereva gani wa bodaboda anayeacha nafasi hiyo. Wengi huacha mita tatu au nne, na wengine hugusa kabisa bampa la gari la mbele.

Mwendo ukishushwa hadi kilomita 30, umbali wote huo hushuka hadi mita 17 hivi. Sababu ni kwamba mwendo unapoongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka mara nne. Hesabu hii haimjali dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi, wala haimjali anayezijua njia zote za Manzese kwa kichwa. Uzoefu humsaidia mtu kuiona hatari mapema, lakini hauwezi kuipa tairi mshiko ambao lami haina.

Kuna jambo ambalo madereva wengi hulielewa kinyume. Wanaiogopa mvua kubwa na kuyadharau manyunyu. Baada ya siku kadhaa za jua, lami huwa imebeba vumbi, oili iliyodondoka kutoka magari mabovu, dizeli iliyomwagika na masalia ya mpira wa matairi. Manyunyu ya kwanza hayana nguvu ya kuviosha vitu hivyo. Huvichanganya tu, ukatokea utando wa matope ya mafuta juu ya barabara nzima. Mvua ikipiga sawasawa kwa muda, sehemu kubwa ya utando huo huoshwa. Kwa hiyo dakika za mwanzo ndizo za kuogopwa zaidi, na ndizo hasa ambazo madereva wetu huongeza moto ili wafike kabla hawajaloa. Hali huwa mbaya zaidi kwenye mataa na kwenye vituo vya daladala, ambako magari husimama na kudondosha mafuta mchana kutwa. Dereva mwenye akili husimama chini ya paa manyunyu yanapoanza, akasubiri. Asipoweza kusubiri, apunguze mwendo, aepuke katikati ya njia palipo na michirizi ya oili, na afuate alama za matairi ya gari lililotangulia, kwa kuwa hapo maji yamesukumwa pembeni.

Suala la breki nalo lina imani potofu iliyoota mizizi vijiweni. Vijana wanaofundishana kuendesha pembeni ya uwanja wa mpira huambiana kwamba breki ya mbele inapindua pikipiki, basi wanaiacha na kukanyaga ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba uzito wa pikipiki husogea mbele kila unapopunguza mwendo, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Ukikanyaga ya nyuma peke yake kwenye maji, gurudumu la nyuma hujifunga, pikipiki hukaa upande, na abiria hurushwa mbele ya gari linalofuata. Njia sahihi ni kuachia mafuta mapema, kushusha gia ili injini isaidie kupunguza kasi, kisha kubana breki zote mbili taratibu na kuongeza nguvu kidogo kidogo, pikipiki ikiwa wima. Kuibana breki kwa nguvu huku umeinama kwenye kona iliyolowa ni kuomba kuanguka. Dereva aliyetoka kuvuka dimbwi refu akumbuke pia kwamba breki za ngoma, zilizo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, hupoteza makali zikiingia maji. Azishike kwa wepesi mara kadhaa huku akitembea polepole, mpaka ahisi zimekauka na zinashika.

Lami yenyewe haifanani kila mahali. Rangi nyeupe ya vivuko vya waenda kwa miguu huteleza ikilowa, na vivyo hivyo mifuniko ya chuma ya chemba, pamoja na reli. Pale reli ya zamani inapokatiza barabara, kama Buguruni na Tabata, pikipiki inayoivuka kwa mshazari inaweza kuponyokwa na gurudumu la mbele kufumba na kufumbua. Reli huvukwa kwa kuinyookea, pikipiki ikiwa wima, bila breki na bila kuongeza mafuta. Na dimbwi ambalo hujui kina chake usilipitie. Huenda chini yake kuna shimo la nusu goti, au chemba ambayo mfuniko wake uliibwa ukauzwa kama chuma chakavu.

Kuhusu matairi hatuna maneno mengi. Mifereji ya tairi ipo ili maji yapate pa kutokea, na tairi kipara hupanda juu ya maji kama sahani ya bati. Anayebeba abiria kwa tairi kipara msimu wa mvua anatenda kosa la kukusudia, na ashughulikiwe hivyo.

Sasa tuwageukie wenye magari, na hapa tunawasema wasomaji wetu wengi. Mmezoea kuwalaumu bodaboda, na lawama nyingi ni za haki. Lakini mkasi wa ajali hizi una makali mawili, na moja mmelishika nyinyi. Mvua ikinyesha mnafunga vioo, ukungu unatanda ndani, vioo vya pembeni vinajaa matone, wiper zenu zimechakaa tangu mwaka jana, na bado mnahama njia kwa kuchomekea bila indiketa. Mtu wa pikipiki aliye pembeni yenu hana bodi wala mkanda wala mfuko wa hewa. Gari lenu likimgusa kwa kiasi cha kuchubua rangi tu, yeye anakwenda chini.

Iko ajali moja inayojirudia mno: gari linakata kulia kuingia mtaani, na pikipiki inakuja upande wa pili. Dereva wa gari huapa kwamba hakuiona, au aliiona ikiwa mbali. Huenda hasemi uongo. Kitu chembamba humdanganya mtazamaji, kikaonekana kiko mbali na kinakuja polepole kuliko ilivyo, na taa moja katikati ya mvua na taa za magari mengi humezwa. Kwa kuwa udhaifu huo wa jicho unajulikana, si utetezi tena. Mwenye gari anayekata kulia wakati wa mvua ana wajibu wa kutazama mara ya pili, kusubiri, na kuiacha pikipiki ipite, kwa kuwa haiwezi kusimama kwa umbali uleule iliousimamia jana lami ilipokuwa kavu.

Acheni pia kuyapiga madimbwi kwa mwendo. Maji machafu yakimrukia mtu wa pikipiki usoni, kwa sekunde nzima haoni kitu, na kwa kilomita 50 hiyo ni mita 14 za upofu. Acheni kumbana pembeni kwenye ukingo ambako matope na mchanga hujikusanya. Mkimfuata kwa nyuma, mpeni nafasi ya kuhesabu taratibu moja hadi nne kati yenu na yeye. Akianguka mkiwa mmemgandia, hamtaweza kumkwepa.

Malori ya makontena yanayopita Barabara ya Mandela kutoka na kwenda bandarini yanahitaji onyo la peke yake, na onyo hili linarudi kwa bodaboda. Upande wa kushoto wa lori refu kuna eneo kubwa ambalo dereva aliye juu haoni kitu, na kioo kilicholowa hupunguza hata kile kidogo alichokuwa akikiona. Lori likikata kushoto, tela hukata kona kwa ndani na kufagia kila kilichopo pembeni. Bodaboda wanajipenyeza hapo hapo kwenye mataa, na abiria mgongoni, ili wawahi kuwa mbele taa ikiruhusu. Tunasema bila kuzunguka: hapo ni mahali pa kufa. Kaa nyuma ya lori, mahali unapokiona kioo chake na uso wa dereva ndani yake. Kukimbilia njia ya mwendokasi nako hakuna utetezi, kwani basi lililojaa watu haliwezi kusimama upesi kwenye maji kwa sababu yako.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini dereva kijana, mwenye mke na mtoto, anafanya haya yote akijua hatari yake. Jibu liko kwenye mfuko. Mvua ikinyesha, abiria wanaongezeka na nauli inapanda. Saa ambayo lami haishiki ndiyo saa ambayo kazi inalipa kuliko zote. Dereva aliyekaa kijiweni asubuhi nzima huiona mvua ya jioni kama nafasi yake ya mwisho ya kufikisha hesabu ya tajiri, na tajiri hataki kusikia habari za mvua. Wenye mkataba, wanaolipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yao, hawana nafuu, kwa sababu siku moja bila marejesho ni deni la kesho. Wanaosambaza vyakula na vifurushi kwa programu za simu nao hupimwa kwa dakika. Mfumo huu unamlipa mtu akimbie wakati ule ule anaopaswa kusimama.

Kwa hiyo tajiri wa pikipiki hawezi kunawa mikono. Anayedai hesabu kamili siku ambayo Bonde la Jangwani limefurika na Barabara ya Morogoro imefungwa, anajua fedha hiyo itapatikana kwa njia gani. Tunataka mikataba ya pikipiki iandikwe wazi kwamba siku ya mvua kubwa hesabu inapunguzwa au inasogezwa mbele, na tunataka viongozi wa vijiwe walisimamie hilo kwa umoja, kwa sababu dereva mmoja akidai peke yake atanyang'anywa pikipiki kesho yake. Kampuni za programu zifute adhabu ya kuchelewa mvua inaponyesha. Mteja anayesubiri chipsi zake anaweza kusubiri zaidi. Atakula zikiwa zimepoa.

Waagizaji wa pikipiki nao wana la kujibu. India, ambako pikipiki nyingi za bodaboda hutengenezwa, ililazimisha kuanzia Aprili 2019 kwamba pikipiki mpya zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 ziwe na mfumo unaozuia gurudumu kujifunga wakati wa breki, na zile ndogo angalau ziwe na breki za mbele na nyuma zinazofanya kazi pamoja. Kinga hiyo humfaa dereva kuliko wakati wowote anapokuwa kwenye lami iliyolowa. Pikipiki zinazoletwa kwetu kwa kazi hii kwa kawaida hazina. Serikali iweke sharti hilo na itoe muda wa kulitekeleza. Hakuna hoja ya kuridhisha inayoeleza kwa nini mtu wa Pune alindwe na mtu wa Mbagala aachwe.

Kofia ngumu hatutachoka kuisema. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Lakini wakati wa mvua kofia huvuliwa, kwa sababu kioo chake kimejaa mikwaruzo na taa za usiku hutawanyika hadi dereva haoni mbele. Dawa ni kununua kioo kipya, au kuendesha polepole kioo kikiwa kimeinuliwa kidogo. Abiria nao huikataa kofia ya dereva kwa kuwa imelowa na inanuka. Tunaelewa. Anayepanda bodaboda kila siku anunue yake, na aifunge mkanda wa kidevuni, maana kofia isiyofungwa hutoka kabla kichwa hakijafika chini. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimepokea vijana wa kutosha.

Mamlaka tunazihukumu kwa kazi ambayo haijafanyika. TANROADS na TARURA wafukie mashimo na kuzibua mitaro Februari na Septemba, kabla ya mvua, na DAWASA irudishe mifuniko ya chemba zake. Kikosi cha Usalama Barabarani kikague matairi, breki na taa katika miezi hiyo hiyo, na pikipiki yenye tairi kipara ishikiliwe mpaka tairi ibadilishwe. Faini peke yake haiongezi mifereji kwenye mpira. Sheria yenyewe nayo iitambue mvua. Ufaransa hushusha kikomo cha barabara zake kuu za kasi kutoka kilomita 130 hadi 110 kwa saa mvua inaponyesha. Sisi tuna kikomo kimoja cha kiangazi na masika. Tunataka kanuni inayosema kwamba kwenye lami iliyolowa pikipiki inayobeba abiria mjini haitazidi kilomita 30 kwa saa, na gari linaloifuata litaacha nafasi maradufu.

Hukumu yetu ni hii. Dereva wa bodaboda anayezidisha mwendo kwenye maji akiwa na abiria ana hatia ya kwanza, kwa kuwa mkono ulioshika mafuta ni wake, na dhiki ya hesabu humpunguzia lawama bila kumfutia. Mwenye gari anayemchomekea au kumkatia njia ana hatia inayokaribiana na hiyo. Tajiri anayewasukuma madereva kwa hesabu ni mshirika wao. Mamlaka inayolijua shimo ikaliacha lijae maji ni mshirika pia.

Na wewe abiria unao uwezo ambao huutumii. Usipande mshikaki, mvua ikinyesha au isiponyesha. Usifungue mwavuli mgongoni mwa dereva, kwa sababu upepo ukiushika humvuta yeye na pikipiki. Usimwambie kwamba umechelewa, wala usimwongezee fedha ili akimbie. Akiongeza mwendo, mguse bega, mwambie, "Kaka, punguza mwendo, lami imelowa." Asiposikia, mwambie asimame. Mlipe nauli ya pale alipokufikisha, shuka, jikinge barazani kwa watu, usubiri mvua ikatike.